Utandawazi Darasani: Maswali Ambayo Walimu na Wazazi wa Lamu na Malindi Huuliza Mara kwa Mara

Nafundisha Masomo ya Jamii katika kisiwa cha Lamu. Kila tunapoifikia mada ya utandawazi, walimu wenzangu hunijia na maswali yale yale, na jioni barazani wazazi huniongezea yao. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu ninayowapa. Mifano mingi ni ya Lamu na Malindi kwa sababu ndiko ninakokujua. Mwalimu wa Kwale au wa Tanga ataona mwenyewe pa kubadilisha.

Nimweleze vipi mtoto maana ya utandawazi bila kumkaririsha fasili?

Neno lenyewe linakusaidia: limetokana na kutanda na wazi. Watoto wanajua wingu linavyotanda. Mimi huwaambia kwamba utandawazi ni pale jambo lililoamuliwa mbali linapoingia jikoni kwenu, na jambo la kwenu linapowafikia watu msiowajua. Bidhaa, pesa, maradhi, nyimbo, habari na taka, vyote huvuka mipaka.

Fasili ya kitabuni ije mwisho. Nilipoanza kazi nilifanya kinyume: niliiandika ubaoni siku ya kwanza, wanafunzi wakaikariri neno kwa neno. Wiki mbili baadaye nikauliza kwa nini unga umepanda bei, nikajibiwa kwamba mwenye duka ana tamaa. Nilikwenda nyumbani nikijua kuwa bado sijawafundisha kitu.

Somo la kwanza liwe lipi?

Liwe mahamri. Nimejaribu mengi, na hili ndilo ninalolirudia kila mwaka.

Natandika mkeka wa Matondoni mbele ya darasa. Juu yake naweka unga wa ngano, sukari, hamira, iliki, nazi, chupa ya mafuta, na hamri moja lililopikwa asubuhi hiyo, bado lina joto. Nauliza: hiki ni chakula cha nani? Darasa zima hujibu kwa sauti moja: chetu! Hapo tunaanza kufuata kitu kimoja kimoja kinakotoka.

Ngano hulimwa Kenya, lakini zaidi ya nusu ya tunayoila hununuliwa nje, na kwa miaka mingi sehemu kubwa imetoka Urusi, Ukraine na Argentina. Iliki asili yake ni milima ya kusini mwa India. Muwa unaotupa sukari ulianza kulimwa New Guinea. Mafuta tunayokaangia, ukisoma karatasi ya chupa, mara nyingi ni ya mawese, na hayo huletwa yakiwa ghafi kutoka Malaysia na Indonesia. Mchikichi wenyewe lakini ni mti wa Afrika Magharibi. Wakoloni waliupeleka Asia wakafungua mashamba, na leo Afrika inanunua mafuta ya mti wake kutoka huko. Somo hilo huwa nalipitia polepole, kwa ramani. Na mnazi, ambao kila mtoto anaapa kuwa ni wetu tangu enzi na enzi, nao ulivuka bahari kutoka Asia, karne nyingi zilizopita.

Mwaka mmoja msichana wa Gredi ya 6 alisimama akiwa na hasira ya kweli. "Mwalimu, sasa chetu ni kipi?" Nikamwita mbele alipasue lile hamri. Likafunguka, lina uwazi ndani kama inavyotakiwa, harufu ya iliki ikawafikia hata wa dawati la nyuma. Nikamuuliza upishi huu ameujua kwa nani. Akasema kwa bibi yake, aliyemwonesha kuukanda unga kwa tui zito na kuufunika usiku kucha uumuke. Basi darasa likagawanyika. Wengine walisema hamri ni letu kwa sababu mkono ni wetu. Wengine wakasema si letu kwa sababu bei si yetu. Walibishana mpaka kengele ikalia, na kesho yake wakaja na maneno waliyoyachukua kwa mama zao.

Usilifanye somo hili mwezi wa Ramadhani. Lingoje Idi ipite.

Si jambo jipya hili, lililokuja na intaneti?

Kwa mtoto wa Pwani jibu hilo ni kosa, tena ni kosa linalomnyima urithi wake.

Waulize kaskazi huvuma lini. Watakuambia, maana wengi wao ni watoto wa wavuvi. Kuanzia mwisho wa mwaka hadi Machi upepo huo ulileta majahazi kutoka Arabuni, Ghuba ya Uajemi na India, na kusi ilipoanza kuvuma ikayarudisha. Kati ya pepo mbili hizo wageni walikaa miezi kwenye miji yetu. Wakaoa, wakasali msikiti mmoja na wenyeji, wakafundishana mapishi na hesabu. Huko Shanga katika kisiwa cha Pate, na kule Manda, wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta vigae vya kauri ya Uchina na vyombo vya Ghuba vilivyofika kabla ya mwaka 1000. Nyumba za mawe za hapa Lamu zina zidaka ukutani, na watoto wamekua wakiona sahani za kauri zimepangwa humo bila kujiuliza zilifikaje.

Malindi ina kisa ambacho hakuna darasa linalokisahau. Mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa kwa mfalme Yongle wa Uchina, katika enzi ya safari kubwa za baharini za Zheng He, amiri wa meli za mfalme huyo. Wachina walimwona kuwa ndiye qilin, mnyama wa heri katika simulizi zao. Waache watoto wafikirie alivyosafiri: alisimama wapi melini, alikula majani ya mti gani, maji yalitoka wapi?

Mwaka 1498 akaja Mreno Vasco da Gama. Mombasa hakuelewana na wenyeji. Malindi, waliokuwa na uhasama na Mombasa, wakampokea na kumpa rubani aliyeijua njia ya India. Nguzo ya msalaba ya Wareno ingali imesimama ufuoni Malindi. Muda si muda Wareno wakarudi na mizinga, wakadai kodi, na biashara iliyokuwa ya mapatano ikawa ya amri.

Hapa nasimama muda mrefu, kwa sababu swali ninalotaka watoto walibebe katika mada nzima linazaliwa hapa: kauli ni ya nani? Kufikiwa na meli za mbali tumezoea. Kinachobadilika, enzi moja hadi nyingine, ni nani anapanga bei, na ni nani anaweza kusema hapana akasikizwa.

Mfano wa karibu zaidi ni boriti. Mikoko ya Lamu ilikatwa ikajenga dari za nyumba huko Arabuni na Ghuba, ambako miti ni haba, hata upana wa vyumba vya watu ukafuata urefu wa boriti zetu. Mwaka 1982 serikali ikapiga marufuku kuzipeleka nje. Wazee waliokuwa wakikata na kupakia bado wako. Mwalike mmoja darasani umwache azungumze.

Niizungumzie biashara ya watumwa? Nimekuwa nikiiruka.

Usiiruke. Ukiwasifia watoto majahazi na kauri, kisha ukanyamazia waliopakiwa kwenye majahazi hayo hayo, umewadanganya.

Katika karne ya 19 mashamba makubwa ya Malindi yalilimwa na watumwa, na mtama waliouvuna ulisafirishwa Arabuni. Utumwa ulifutwa kisheria hapa mwaka 1907. Si zamani sana hiyo. Darasani mwako huenda wamo vitukuu vya waliomiliki watu na vitukuu vya waliomilikiwa, wamekaa dawati moja, kwa hiyo usimwulize mtoto ukoo wake mbele ya wenzake, wala usiache wenzake wamwulize. Eleza jinsi soko la mbali lilivyotaka nafaka kwa bei rahisi, na jinsi tamaa hiyo ilivyomfanya binadamu kuwa bidhaa.

Mtoto mmoja aliwahi kuniuliza: wale waliokuwa wakila ule mtama kule Arabuni, walijua umelimwa na nani? Nililiandika swali lake kwenye kona ya ubao, likakaa wiki nzima bila kufutwa. Tulipofika kwenye simu tukalirudia. Betri ya simu ina kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia huchimbwa katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako watoto wa rika lao wameonekana machimboni. Nilimwona yule mtoto akiigeuza simu yangu juu chini pale mezani, hasemi kitu.

Wanafunzi wangu ni wa Gredi ya 3. Si mapema?

Hapana. Wasome lebo ya shati ndani ya ukosi, walitafute jina la nchi kwenye ramani, basi. Mtoto wa miaka minane akijua kwamba shati lake limetoka Bangladesh na kwamba Bangladesh ni mahali penye watu na mvua na shule, umefanya kazi ya siku.

Nifundisheje habari ya bei? Mimi si mtaalamu wa uchumi.

Huhitaji kuwa mtaalamu. Chagua bidhaa moja, unga wa ngano unafaa, na mwanafunzi mmoja aandike bei yake kila Ijumaa kutoka duka lile lile. Baada ya muhula mtakuwa na jedwali lenu wenyewe, na bei ikipanda au kushuka mtauliza kwa nini.

Visa vya kuelezea viko vingi. Februari 2022 Urusi iliivamia Ukraine, na bei ya ngano na ya mafuta ya kupikia ikapanda duniani kote, mpaka kwenye vibanda vya Langoni hapa Lamu. Tarehe 23 Machi 2021 meli moja, Ever Given, ilikwama kwenye mfereji wa Suez, na kwa siku sita meli nyingine mamia zikasimama foleni. Mwishoni mwa 2023 meli zilipoanza kushambuliwa katika Bahari ya Shamu, kampuni nyingi zikazungusha meli zao kupitia ncha ya kusini ya Afrika. Chukua uzi na ramani, mwanafunzi aipime njia ile na hii. Uzi unawafundisha kuliko mimi.

Upande wa pili wa jambo hili ni chai yetu. Kenya ni miongoni mwa nchi zinazouza chai nyeusi kwa wingi zaidi duniani, Pakistan ikiwa mnunuzi mkubwa, na bei hutoka kwenye mnada wa Mombasa kwa dola. Mkulima wa Kericho hupanda, huchuma na kungoja kuambiwa. Kauli ni ya nani?

Bandari mpya ya Lamu: nifundishe bila kuingia kwenye siasa?

Ingia kwa ushahidi, na siasa haitakusumbua. Hapa ndipo penye somo kubwa kuliko yote tuliyonayo kisiwani, na kulikwepa ni kuwanyima watoto wetu habari ya maisha yao wenyewe.

Waambie yanayojulikana. Mradi wa LAPSSET, wa kuiunganisha Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia, ulizinduliwa tarehe 2 Machi 2012 na rais Mwai Kibaki pamoja na Salva Kiir wa Sudan Kusini na Meles Zenawi wa Ethiopia. Gati la kwanza lilifunguliwa tarehe 20 Mei 2021. Mjenzi alikuwa kampuni ya Kichina. Bahari ilichimbwa kina, na maeneo ya karibu ambako wavuvi wa vyombo vidogo walitega kwa vizazi yakavurugika. Wavuvi na wakaazi wakaenda mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama Kuu kule Malindi iliamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76.

Liko pia jambo la makaa ya mawe. Mtambo wa umeme wa megawati 1,050 ulipangwa kujengwa Kwasasi, ng'ambo yetu tu, na makaa yake yaanze kwa kuletwa na meli kutoka Afrika Kusini. Wananchi wa Lamu walipinga. Juni 2019 mahakama maalumu ya mazingira ikaifuta leseni ya mradi, sababu kubwa ikiwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Watoto wangu wengi hawakujua kwamba majirani zao, watu wanaokutana nao Mkunguni wakinywa kahawa, ndio waliokwenda kusimama mbele ya mahakimu. Waeleze. Utandawazi mara nyingi hufundishwa kama mvua, kitu kinachokunyea tu, na hapa kuna watu walioulizwa baada ya kudai kuulizwa.

Halafu ligawe darasa. Mmoja awe mvuvi wa Pate mwenye dau la tanga, mwingine kijana wa Mokowe aliyemaliza shule na hana kazi, mwingine mwenye shamba Kililana, mwingine mfanyabiashara wa Ethiopia anayetafuta njia ya bahari, mwingine mwenye meli. Kila mmoja aseme anataka nini na anaogopa nini. Baada ya robo saa wabadilishane. Kubadilishana ndiko kunakofundisha. Usikuache kwa sababu ya muda.

Wakiniuliza maoni yangu nawaambia, wakishamaliza kusema yao. Bandari naitaka. Naitaka ikiwa na mtoto wa Lamu juu ya ile kreni, na mvuvi ameshalipwa.

Kuna mfano utakaowagusa hata wasiopenda kusoma?

Punda.

Hapa Lamu punda ndiye lori. Mchanga, mawe, saruji, magunia ya mchele kutoka gatini, vyote juu ya mgongo wake, kwa kuwa vichochoro vyetu havipitishi kitu kipana zaidi. Sasa waambie watoto kwamba mbali sana, Uchina, kuna dawa ya kienyeji iitwayo ejiao, inayotengenezwa kwa gundi ya ngozi ya punda. Watu wa huko walipopata pesa zaidi, dawa ikatakiwa zaidi, na punda wao wakapungua. Wanunuzi wakageukia Afrika. Kuanzia 2016 machinjio ya punda yakafunguliwa Kenya, na wizi wa punda ukaenea katika sehemu nyingi za nchi. Februari 2020 serikali ikapiga marufuku uchinjaji huo; mwaka uliofuata mahakama ikaiondoa marufuku hiyo; Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote.

Nilipolifundisha hili, kijana ambaye muhula mzima hakuwa amenyoosha mkono aliunyoosha. Baba yake ana punda wanne. Alitaka kujua ngozi moja inauzwa bei gani kule mwisho, na huku mwenye punda anapewa kiasi gani, na zile pesa za katikati zinakwenda wapi. Nimefundisha miaka mingi, na swali zuri kuliko hilo bado sijaulizwa.

Ukiwa na muda, ongeza jongoo bahari. Huku kwetu hakuna jiko linalompika. Anazamiwa, anachemshwa, anakaushwa, na kupelekwa Asia ambako ni chakula cha karamu.

Malindi na Waitaliano: nimtajie mtoto mazuri au mabaya?

Mtajie yote, kwa mpangilio wa namna yalivyokuja. Watu hudhani Mwitaliano alikuja kwa ajili ya ufuo. Mapema kabisa alikuja kwa ajili ya anga. Kule Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, Italia ilijenga kituo cha San Marco, na kuanzia 1967 roketi za kubeba satelaiti zikarushwa kutoka kwenye jukwaa lililosimamishwa baharini. Palichaguliwa kwa kuwa ni karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia unaisaidia roketi kupanda. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, ilirushwa hapo satelaiti ya Marekani, ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahususi kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwenye nyota. Ilipewa jina Uhuru. Kila mwanafunzi wa Malindi anastahili kulijua hilo kabla hajajua bei ya chumba cha hoteli.

Utalii ukafuata, na leo wako vijana wa ufuoni wanaozungumza Kiitaliano kizuri bila kuingia darasa hata moja. Ni ujuzi huo, na usimdharau mwenye nao. Lakini wapo pia walioacha shule wakiwa wadogo ili wakauze vinyago mchangani, na wapo watoto waliodhurika mikononi mwa wageni wenye pesa. Kwa wanafunzi wakubwa liseme wazi, na uwaambie waende kwa nani wakisumbuliwa.

Machi 2020, korona ilipofunga safari za ndege, hoteli za Malindi na Watamu na nyumba za wageni za Shela zilibaki tupu. Mpishi, mwosha nguo, nahodha wa mashua ya watalii, muuza matikiti sokoni, wote walikosa riziki ndani ya wiki moja. Waambie watoto wachore mnyororo huo kuanzia kwa mtu wanayemjua. Karibu kila nyumba inaye mmoja.

Na lugha? Naweza kuitumia?

Naipenda kuliko yote, na haina gharama. Meza, bendera, leso na gereza vimetoka kwa Wareno; gereza asili yake ni neno lao la kanisa. Bandari na dirisha ni vya Uajemi, kitabu na kahawa vya Arabuni, chapati na gari vya India, shule ya Ujerumani, baiskeli ya Uingereza. Mahindi yana kisa chake: mmea ni wa Amerika, ila jina linauelekeza kwa Wahindi. Mpe kila mwanafunzi maneno matano ayatafutie asili.

Mwambie na yanayotoka kwetu kwenda nje. Mwaka 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani.

Leso na mitumba je?

Leso nyingi za mama zetu huchapishwa India, na jina lake limeandikwa kwa Kiswahili safi. Peleka moja darasani, isomeni jina, kisha jiulizeni aliyeichapisha alilielewa? Mitumba fungueni kama marobota yanavyofunguliwa sokoni: nguo iliyovaliwa Ulaya au Marekani, ikatolewa bure na mwenyewe, ikauzwa, ikasafirishwa, ikauzwa tena, na sasa inamvisha mtoto wa shule kwa bei ambayo fundi cherehani wa mtaani hawezi kuifikia. Mwulize fundi huyo. Mwulize pia muuza mitumba, anayesomesha watoto wake kwa kazi hiyo. Wote wawili wana haki ya kusikizwa na darasa.

Mimi ni mzazi. Mwalimu, mnawafundisha watoto dunia, na simu tayari imeshawaharibu. Kwa nini muwaongezee?

Mama, nakuelewa, na nakuheshimu kwa kuuliza. Nami nina watoto. Hofu yako kwamba mtoto anajifunza mavazi, maneno na tamaa kutoka kwa watu asiowajua ni hofu ya kweli, na sitaki kuipuuza.

Ila mtoto atakutana na hiyo dunia, umfundishe au usimfundishe. Ninalotaka ni akutane nayo akiwa na maswali. Hii video umeletewa na nani? Analipwa na nani? Kwa nini umeletewa hii na si nyingine? Madrasani anafundishwa kuuliza habari imepokewa kwa nani kabla ya kuipokea. Mimi nataka azoee kuuliza hivyo hivyo akiwa na simu mkononi.

Jambo moja huwashangaza hata wazazi. Wengi wanadhani intaneti inashuka kutoka angani. Kwa sehemu kubwa inakuja kwa nyaya zilizolazwa chini ya bahari, na mojawapo, TEAMS, ulioanza kazi 2009, unatoka Fujairah, huko Falme za Kiarabu, hadi Mombasa. Karibu ni ile njia ya majahazi ya babu zetu. Na M-Pesa unayotumiwa na kaka aliyeko Nairobi ilianza hapa Kenya mwaka 2007, kwa msaada wa fedha za Uingereza, kisha ikavuka kwenda nchi nyingine. Mtoto akiyajua haya anakaa na simu tofauti kidogo.

Shule yetu haina kompyuta wala projekta.

Una ufuo. Wapeleke maji yakiwa yametoka, kila mmoja aokote vitu vitano vya plastiki. Mtapata chupa zenye maandishi ya lugha za Asia, vipande vya nyavu, na kandambili, daima kandambili. Kisha wasimulie kuhusu Flipflopi, chombo cha tanga kilichoundwa hapa Lamu kwa takribani tani 10 za taka za plastiki, kikavikwa kandambili zipatazo 30,000, kikashushwa majini 2018, na mwanzoni mwa 2019 kikasafiri hadi Zanzibar. Mafundi waliokiunda walitumia ufundi ule ule wa jahazi la mbao. Baada ya hapo hawataona haya kuokota taka.

Niwapime vipi?

Mtihani wa fasili hauniambii kitu. Mimi humpa kila mwanafunzi kitu kimoja akifuate kwa wiki tatu: kiberiti, sabuni, injini ya boti, panadoli. Aandike kimetoka wapi, kimepita kwa nani, nani amepata faida, nani amebeba hasara, kauli ya bei ni ya nani. Alazimike kuzungumza na watu wawili, mmoja wao akiwa mzee. Asiyejua kuandika vizuri asimulie kwa mdomo; alama zisipungue kwa hilo.

Nina siku moja tu ya ziara. Niwapeleke wapi?

Wa Malindi, nendeni Gede. Mji ule wa mawe uliachwa katika karne ya 17, na mwaka 2024 uliingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, kama Mji wa Kale wa Lamu ulivyoingizwa 2001. Humo zilipatikana kauri za Uchina.

Lakini mkiwa na gari, nami ningeanza hapo, piteni Mambrui kwanza. Kuna kaburi la nguzo lililopambwa kwa mabakuli ya kauri ya Uchina yaliyopachikwa kwenye chokaa. Ni mahali pa maziko, kwa hiyo zungumzeni na wenyeji kabla ya kuingia, na wasichana wajitande. Waache wakae chini, waiangalie nguzo kimya kwa dakika tano kabla hujasema neno. Bebeni maji ya kutosha. Na kama shule ina dira ichukueni, kila mtoto asimame pale nguzoni aitafute kaskazini mashariki, aone Uchina ni upande gani.